Ukaguzi wa afya: Funzo la sumu ya mahindi Kitui na Makueni

UKAGUZI wa afya nchini Kenya umejengwa juu ya Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka wa 1921. Sheria hiyo ilifuata mfano wa Uingereza, ambako ya kwanza ya aina hiyo ilipitishwa mwaka wa 1848, wakati miji ilipofurika watu na kipindupindu kikawa tishio.

Afisa wa afya ya umma, ambaye wengi humwita bwana afya, ana mamlaka ya kuingia mikahawani, buchani na sokoni, kukagua vyoo na maji, kutwaa chakula kilichoharibika na kumshtaki anayekaidi amri.

Hata hivyo, mkasa uliozikumba Kitui na Makueni mwaka wa 2004 ulidhihirisha mahali ambapo mkono wake haufiki kwa urahisi: ghala la nyumbani.

Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Wengi walitoka katika wilaya hizo mbili. Visa vingine viliripotiwa Machakos na Thika.

Aflatoksini ni sumu inayotokana na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu. Haionekani kwa macho, na kuyachemsha mahindi hakuimalizi. Aliyekula kiasi kikubwa hugeuka macho yakawa ya manjano, tumbo likafura na ini likashindwa kufanya kazi.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, watu 12 kati ya 20 waliolazwa hospitalini walifariki kutokana na sumu iyo hiyo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni.

Uchunguzi wa 2004 ulibainisha kuwa mahindi mengi yaliyoua yalikuwa yamelimwa na familia zenyewe, yakawekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Masoko nayo hayakusalimika. Katika sampuli 350 zilizokusanywa kwenye masoko 65, asilimia 55 zilizidi kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni. Baadaye Kenya ilikishusha kiwango hicho hadi sehemu 10.

Hapo ndipo pengo lilipo. Masharti ya sheria kuhusu maghala ya vyakula yanalenga yale ya biashara, na yaliandikwa hasa kwa ajili ya kuzuia panya. Mkulima anayekula alichovuna hauzi kitu, wala hana leseni ya kunyang'anywa.

Kinga, kwa hivyo, huanzia shambani. Mahindi hukaushwa juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi hutengwa, na magunia huwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mwaka wa 2015, Kenya iliidhinisha Aflasafe KE01, dawa yenye kuvu wasio na sumu ambayo hunyunyizwa shambani mahindi yangali machanga ili kuwashinda wale wenye sumu.

Tangu mwaka wa 2013, huduma nyingi za afya, ukaguzi huu ukiwemo, zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Kwa mabwana afya wa Kitui na Makueni, kumfunza mkulima kukausha nafaka kabla ya kuihifadhi kunaweza kuokoa maisha ambayo hati ya mashtaka haiwezi kuyafikia.