Mgongo Uliovunjika Rungwe: Kutoka Eksirei hadi MRI

Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, hapakuwa na tabibu popote duniani aliyeweza kuuona mfupa wa mtu aliye hai bila kumpasua. Miaka minne baadaye, Novemba 1895, Wilhelm Röntgen akagundua eksirei huko Ujerumani. Wajerumani ndio waliojenga pia boma la Neu Langenburg, ambalo leo ni Tukuyu. Lakini boma liliitangulia sana mashine ya eksirei. Aliyeanguka kutoka mtini mahali ambapo sasa ni kata ya Bagamoyo wilayani Rungwe alilazwa chali na ndugu zake wakangoja kuona kama miguu itaamka.

Na sababu za kuanguka hazijawahi kukosekana. Rungwe ni nchi ya miteremko, mvua nyingi na miti ya kukwewa, miparachichi ikiwamo. Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu inapita Tukuyu ikiwa na malori ya Malawi, na bodaboda hujipenyeza katikati yao. Mtu akitua kwa makalio au kwa miguu, pingili inayovunjika mara nyingi ni ile ya mpakani mwa kifua na kiuno, kwa kuwa juu yake mbavu zimekaza na chini yake mgongo unacheza.

Eksirei ilionyesha mfupa uliobonyea, basi. Ugwe wa fahamu unaopita ndani ya pingili haukuonekana, labda mgonjwa adungwe dawa ya rangi mgongoni. Mwaka 1971 jijini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya kwanza ya CT, yaani eksirei za pande nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ya kichwa cha mgonjwa. Hesabu zilizohitajika alikuwa amezishughulikia kabla yake Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na wote wawili walipata Nobeli mwaka 1979. Kwa picha za CT, Francis Denis aliugawa uti wa mgongo katika nguzo 3 mwaka 1983, na madaktari wakaanza kupima kama mgongo utasimama au utateleza.

MRI ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Haitumii mionzi ya eksirei. Sumaku kubwa hupanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzishtua, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1973. Peter Mansfield wa Nottingham akaiongezea kasi, na wakapewa Nobeli mwaka 2003. Raymond Damadian, aliyepiga picha ya kifua cha mtu Julai 1977 kwa karibu saa 5, aliachwa nje, na alilalamika hadharani. Kwa maoni yangu alikuwa na hoja.

Kwa mgongo uliovunjika, faida ya MRI iko kwenye vitu laini. Inaonyesha ugwe uliobanwa, damu iliyovilia, diski iliyochomoka na kano za nyuma zilizochanika. Hizo kano ndizo zilizoingizwa rasmi mwaka 2005 katika mizani ya kuamua nani afanyiwe upasuaji: mfupa unaweza kuonekana umevunjika kidogo, kumbe kano zimekatika na mgongo hauna mshikilizi. Inatofautisha pia mvunjiko mpya, ambao uboho wake umevimba, na wa zamani. Kwetu kuna jambo jingine zito: kifua kikuu cha mifupa nacho hubomoa pingili, na mgonjwa anaweza kudhani ni ile ajali ya mwaka jana.

Lakini si kila aliyeanguka anahitaji MRI. CT huona mfupa vizuri zaidi na kwa haraka, na mwenye risasi au kipande cha chuma mwilini hawezi kuingizwa kwenye sumaku kabla ya kuchunguzwa.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na kwa miaka mingi mgongo mgumu wa Tukuyu ulimaanisha safari ya zaidi ya kilomita 800. Sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina MRI, umbali wa kilomita 70 hivi. Hatari kubwa imebaki kwenye kilomita zile za mwanzo, kutoka shambani hadi hospitali ya wilaya Makandana, pale majeruhi anapokunjwa na kupakiwa mshikaki kwenye pikipiki. Ukimkuta ameanguka na analalamika mgongo au ganzi miguuni, usimkalishe. Tafuta ubao au mlango, mshikeni watu wanne, kichwa na kiwiliwili viende pamoja, ndipo aanze safari.