Nyumba Isiyo na Riba

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, nami nikiwa mmoja wa waalimu hao. Lakini ni mara chache tumejiuliza habari za yule anayepewa. Mtu aliyejengewa nyumba bure na wenzake, akashukuru, akaingia ndani na watoto wake, je, anabaki vilevile mbele ya majirani? Katika insha hii nakusudia kueleza historia ya watu wa makanisa waliolitafutia swali hilo jibu kwa nyundo na mwiko wa uashi, kisha niipime historia hiyo kwa yale niliyoyaona hapa kwetu Tanzania.

Habari yenyewe inaanzia mbali na kwetu. Mwaka 1942, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mhubiri wa Kibaptisti aliyeitwa Clarence Jordan na mkewe Florence, pamoja na Martin na Mabel England, walianzisha shamba karibu na mji wa Americus. Jordan alikuwa na shahada ya kilimo na pia udaktari katika Kigiriki cha Agano Jipya. Shamba hilo waliliita Koinonia, neno la Kigiriki lenye maana ya ushirika. Hapo mweusi na mweupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja, na katika Georgia ya siku hizo jambo hilo lilikuwa kosa kubwa machoni pa watu.

Mwaka 1950 kanisa la jirani liliwafukuza watu wa Koinonia katika ushirika wake. Kuanzia 1956 walisusiwa na mji mzima: wenye maduka walikataa kuwauzia mbegu, mbolea na mafuta, na makampuni ya bima yakawakimbia. Kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kililipuliwa kwa bomu, na nyumba zao zikapigwa risasi usiku. Dorothy Day, Mkatoliki mashuhuri kwa kuwahudumia maskini wa New York, alifika mwaka 1957 kuwasaidia zamu ya ulinzi wa usiku, na gari alimokuwa ameketi likamiminiwa risasi. Walinusurika kwa kuuza karanga za miti, ziitwazo pekani, kwa njia ya posta kwa wateja wa mbali.

Nimeyataja haya yote kwa sababu mpango wa nyumba ninaotaka kuueleza ulizaliwa hapo. Watu waliokwisha kupoteza jina lao zuri kwa ajili ya majirani zao weusi ndio waliouona umaskini wa majirani hao kwa karibu: wakulima wasio na ardhi, wakiishi katika vibanda vya mbao vilivyooza, visivyo na maji.

Mwaka 1965 alifika hapo mwanasheria kijana kutoka Alabama, jina lake Millard Fuller. Huyu alikuwa milionea kabla ya kutimiza miaka 30, kwa biashara ya kuuza bidhaa kwa posta. Lakini utajiri ulikuwa karibu kumvunjia nyumba. Mkewe, Linda, alikuwa amemwacha akaenda New York. Walipopatana waliamua kuuza mali yao na kuigawa. Mwaka 1968 Fuller alirudi Koinonia, na yeye na Jordan wakakaa kufikiri. Waliafikiana kwamba maskini ana haja ya mtaji kuliko sadaka, na ana haja ya wenzi wa kazi kuliko wafadhili wa kumsimamia. Walipima viwanja 42, kila kimoja nusu eka, wakaanzisha mfuko wa kujengea. Jordan alifariki ghafla Oktoba 29, 1969, nyumba ya kwanza ikiwa bado inajengwa.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleweka. Watu wa kujitolea wanajenga pamoja na familia itakayokaa humo. Familia inauziwa nyumba kwa gharama yake halisi, bila faida, na inalipa kidogo kidogo kwa miaka 20, bila riba. Kila senti inayolipwa inarudi mfukoni kujenga nyumba ya mwingine. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imekatazwa kumtoza riba maskini aliyekopeshwa. Watu hawa waliichukua amri hiyo kama ilivyoandikwa.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu haridhiki mpaka hesabu ifanywe ubaoni. Chukua nyumba ya shilingi 12,000,000. Ukikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka na kulipa kila mwezi kwa miaka 20, utalipa karibu shilingi 116,000 kwa mwezi, na mwisho wake utakuwa umetoa karibu shilingi milioni 28. Bila riba utalipa shilingi 50,000 kwa mwezi na mwisho wake ni milioni 12 zilezile. Wapo watu wengi, msomaji, wanaoweza kulipa 50,000 ila hawaiwezi 116,000. Hao si wavivu wala si ombaomba. Kinachowatenga na nyumba ni hiyo tofauti.

Mwaka 1973 Fuller na familia yake walikwenda Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakafanya kazi chini ya kanisa la huko katika mji wa Mbandaka, ukingoni mwa mto Kongo. Walipata eneo katikati ya mji lililoachwa wazi tangu enzi za Wabelgiji ili kutenganisha makazi ya wazungu na ya Waafrika. Wenyeji waliliita Bokotola, yaani mtu asiyependa wenzake. Hapo zikapangwa nyumba 114 za matofali ya saruji. Mradi ulipozinduliwa rasmi Julai 4, 1976, jina la mahali likabadilishwa kuwa Losanganya, maana yake kupatanisha na kukutanisha watu. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Sikio lake litasikia ndugu wa neno letu changanya.

Miaka hiyohiyo, 1973 hadi 1976, sisi Tanzania tulikuwa katika Operesheni Vijiji. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu, na shule niliyopangiwa ilipokea watoto wa familia zilizohamishwa. Niliona viwanja vilivyopimwa kwa kamba, vimenyooka kama mistari ya daftari, na juu yake vibanda vya nyasi vilivyosimamishwa harakaharaka kabla ya mvua. Nia ya kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji haikuwa mbaya, na shule nyingi za vijijini zilitokana na kazi hiyo. Lakini sehemu nyingine watu walisombwa kwa malori na nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa moto. Mzee mmoja aliyekuwa mzazi shuleni kwetu alikaa miaka katika kibanda chake bila kukiongezea hata dirisha. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwalimu, hii si nyumba yangu. Hapa nimewekwa."

Nimelikumbuka jibu hilo kila nilipowaza juu ya Mbandaka. Huku na huko ilikuwa Afrika, na pote watu walikuwa maskini. Lakini mzee yule hakuulizwa, wala hakutia sahihi mahali popote. Wa Mbandaka aliomba mwenyewe, akakubali deni, akachanganya zege kwa mikono yake. Deni, ambalo sisi hulidhani ni mzigo tu, kwake lilikuwa hati ya kuonyesha kwamba nyumba si ya serikali wala ya mmisionari. Ilikuwa yake, na alikuwa akiilipia.

Fuller aliporejea Marekani alikutana na rafiki zake Koinonia, Septemba 1976, wakaunda chama walichokiita Habitat for Humanity. Kilikua polepole mpaka mwaka 1984, alipojiunga Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi Januari 1981. Kijiji chake cha Plains kiko jirani na Americus. Mwaka huo yeye na mkewe Rosalynn walipanda basi pamoja na watu wa kujitolea hadi New York, wakakarabati jengo la ghorofa sita lililoharibika ili likae familia 19. Kuona rais mstaafu ameshika nyundo, amelowa jasho, kulifanya kazi ambayo mahubiri mengi hayakuifanya. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 95, alianguka akashonwa nyuzi juu ya jicho, na bado akaenda Nashville kujenga. Alifariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100.

Kazi hiyo ilifika pia Afrika Mashariki: Kenya na Uganda mwaka 1982, kisha Tanzania katika miaka hiyo ya themanini. Mambo ya Georgia hayakuweza kuhamishwa yalivyo. Pale ambapo fedha hupoteza thamani upesi, malipo ya miaka mingi yasiyo na riba huishia kuwa hayanunui hata bati moja, na mfuko unakauka. Kwa hiyo katika baadhi ya nchi za Afrika malipo yalifungamanishwa na bei ya mfuko wa saruji. Aliyekopa mifuko kadhaa alirudisha thamani ya mifuko hiyohiyo, ili jirani aliye katika foleni naye apate. Naona haki katika hesabu hiyo, maana riba humnufaisha mwenye fedha, lakini mfuko wa saruji ukirudi unakwenda kwa mwenye haja.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nasimulia habari za malaika. Mwaka 2005 Fuller mwenyewe aliondolewa na bodi ya chama alichokianzisha, baada ya mgogoro mkubwa. Akaanzisha chama kingine na kuendelea kujenga mpaka alipofariki Februari 3, 2009. Tena yapo maswali ya haki kabisa. Kijana anayetoka ng'ambo kuja kupanga matofali kwa wiki mbili hutumia nauli ya ndege ambayo pengine ingejenga sehemu kubwa ya nyumba yenyewe, na fundi wa hapa angepanga matofali hayo kwa ustadi zaidi. Na aliye maskini kabisa, asiye na chochote cha kulipa mwezi hadi mwezi, huachwa nje hata na mkopo usio na riba. Huyo bado anahitaji kupewa, na asione haya kupokea.

Pamoja na hayo, jambo moja limenikaa moyoni. Sisi tuna desturi ya kujenga pamoja kuliko hao Wamarekani. Katika miaka yangu ya ualimu mkuu wazazi walibeba mawe na mchanga vichwani, wakajenga madarasa na nyumba za waalimu, wala hakuna mgeni aliyewafundisha. Katika makanisa yetu harambee ya kengele au ya mnara hujaa kapu kabla ya ibada kwisha. Lakini mjane wa mtaa uleule, anayehamisha kitanda kila mvua inaponyesha, humpelekea nani barua? Tumezoea kushirikiana kwa vitu vya wote na kumwachia kila mtu paa lake mwenyewe.

Mabati 20, mifuko kadhaa ya saruji na Jumamosi nne za vijana wa kwaya si jambo lililo nje ya uwezo wa usharika wowote, uwe wa mjini au wa shamba. Akubaliane nao yule mjane atarudisha nini na kwa muda gani, hata kama ni bei ya bati moja kwa msimu, nayo iende kwa anayemfuata. Hapo jirani akipita na kuuliza nyumba ile ni ya nani, mama atajibu bila kuinamisha macho kwamba ni yake.