Mrema na kura zisizo na chama

Waliokuwa watu wazima mwaka 1995 wanalikumbuka gari la Augustino Lyatonga Mrema likisukumwa kwa mikono. Halikuwa bovu wala halikuishiwa mafuta. Wafuasi wake waliona si heshima injini imbebe mgombea wao wa urais ilhali wao wenyewe wapo, basi wakalisukuma huku wakiimba na kutokwa jasho.

Mtu huyo alikuwa ametoka chama tawala, CCM, miezi michache tu kabla ya hapo.

Mrema alizaliwa Desemba 31, 1944, Kilimanjaro. Alifundisha shule, akafanya kazi ya usalama, kisha akaingia bungeni kupitia Moshi Vijijini enzi za chama kimoja, wakati mpiga kura aliletewa wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kilichomtoa kwenye kundi la wabunge wa kawaida ni Wizara ya Mambo ya Ndani, aliyokabidhiwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1990. Alihimiza sungusungu na vituo vya polisi vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi. Alisikiliza mwenyewe kesi za wajane waliodhulumiwa nyumba na wake waliopigwa na waume zao, na akitoa agizo alitoa siku saba. Wanasheria walinung'unika kwamba waziri amejigeuza mahakama, na hawakukosea. Lakini mama aliyerudishiwa nyumba yake hakuwa na haja ya kujua mipaka ya mamlaka ya waziri.

Mwaka 1993 akaongezewa unaibu waziri mkuu, cheo ambacho hakimo kwenye Katiba. Mwishoni mwa 1994 akashushwa hadi Wizara ya Kazi. Februari 1995 alisimama bungeni akaishambulia Serikali aliyomo yeye mwenyewe, kuhusu fedha za kufufua mashamba ya mkonge. Akafutwa kazi, akatoka CCM.

Hapo kuna jambo ambalo husahaulika Mrema anapozungumzwa. Oktoba 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu ilikuwa imeruhusu mgombea binafsi. Serikali ikakimbilia Bunge na kubadilisha Katiba kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo Mrema alipofukuzwa, mlango ambao ungemfaa kuliko mwanasiasa yeyote nchini ulikuwa umefungwa miezi michache tu nyuma. Alikuwa na watu, hakuwa na chama. Sheria ikamlazimisha atafute.

Akaangukia NCCR-Mageuzi, chama cha wanasheria na wanaharakati waliokijenga kwa hoja na makaratasi. Oktoba 29, 1995, akishindana na Benjamin Mkapa aliyepigiwa kampeni na Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipata asilimia 27.8 dhidi ya 61.8. Uchaguzi wa Dar es Salaam ulivurugika kiasi cha kufutwa na kurudiwa Novemba, wapinzani wakasusa. NCCR ikaambulia viti 16 vya majimbo. Mgombea urais haruhusiwi kugombea ubunge kwa wakati mmoja, hivyo Mrema alibaki nje ya Bunge hadi Oktoba 1996, alipolitwaa jimbo la Temeke katika uchaguzi mdogo kwa kumbwaga Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Mchaga wa Kilema akachaguliwa na watu wa Temeke, mbali kabisa na migomba ya kwao.

Ndani ya chama hali ilikuwa mbaya. Mwenyekiti Mrema na Katibu Mkuu Mabere Marando hawakuelewana, na kikao cha Tanga cha mwaka 1997 kiliishia kwenye vurugu. Mwaka 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP, na wafuasi wake. Katiba inasema anayehama chama hupoteza ubunge, hata kama waliomchagua bado wanamtaka.

Uchaguzi wa 2000 uliwaumiza wote wawili. NCCR ilitoka viti 16 hadi kimoja, na Mrema akapata asilimia 7.8 ya kura za urais. Mwaka 2005 hakufikisha hata asilimia moja.

Wengi walimzika kisiasa. Yeye akarudi nyumbani, na mwaka 2010 Vunjo ikamrudisha bungeni akiwa mbunge pekee wa jimbo kutoka TLP. Akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, kazi iliyomfaa, maana kuwabana wakurugenzi wa halmashauri kulifanana sana na zile siku saba. Mwaka 2015 jimbo lilichukuliwa na James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi, chama kilekile alichokiacha. Mwaka uliofuata Rais Magufuli alimteua kuongoza Bodi ya Taifa ya Parole. Mwaka 2020 TLP ilimuunga mkono Magufuli kwa urais, Mrema akaijaribu Vunjo tena, na Charles Kimei wa CCM akashinda.

Alifariki Agosti 21, 2022, akiwa na miaka 77. Wanaosema aliua vyama viwili wana hoja, kwani hakuwa mtu wa kukaa kikao. Ila lawama si zake peke yake: sheria ndiyo iliyompeleka kwenye vyama ambavyo hakuvihitaji na ambavyo havikumuweza. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Hadi Mrema anazikwa, Katiba ilikuwa haijabadilishwa.