Kichujio cha kauri cha moshi wa dizeli

Kichujio cha kauri cha moshi wa dizeli ni pande la kauri lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, linalofungwa katika njia ya ekzosi ya gari au mtambo ili kuzuia masizi yasitoke hewani. Moshi hulazimishwa kupenya kuta za kauri hiyo. Gesi hupita, masizi hubaki. Kichujio kizima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa masizi, na mara nyingi hufika asilimia 99.

Aliyekulia nyumba yenye mtungi anajua kwamba udongo uliochomwa hupumua: maji hupenya polepole, mtungi hutoa jasho na maji ya ndani hupoa. Kichujio cha dizeli kimejengwa juu ya sifa hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hiki hufanya kazi ndani ya moto, na vitundu vyake havikuachwa vijitokee vyenyewe. Vimepangwa kwa ukubwa na kwa idadi, kwa kuwa kazi yote ya kifaa hiki hufanywa na nafasi tupu zilizomo ndani ya kauri.

Masizi na madhara yake

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, bila plagi ya kutoa cheche. Mafuta hunyunyizwa katika silinda kwa matone madogo sana, na ndani ya kila mnyunyizo hubaki sehemu isiyofikiwa na hewa ya kutosha. Hapo mafuta huungua nusunusu na kuacha kaboni. Kaboni hiyo hujikusanya kuwa vijitufe vyenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 30, ambavyo hushikamana na kufanya vishada vya nanomita 100 hivi. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 70,000 hivi.

Udogo huo ndio hatari yake. Vumbi la barabarani huishia puani na kooni, lakini masizi ya dizeli hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na chembe zilizo ndogo zaidi huweza kuingia katika damu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Moshi usioonekana nao si salama, kwani chembe nyingi haziwezi kuonekana kwa macho.

Umbo la ndani

Kichujio cha gari dogo hulingana na kopo kubwa la maziwa ya unga. Tuchukue mfano wa kilicho na kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 15. Ukikitazama usoni utaona sega la miraba midogo, 31 hivi katika kila sentimita moja ya mraba, kwa jumla zaidi ya 5,000. Kila mraba ni mdomo wa mfereji mwembamba unaokwenda hadi upande wa pili, na ukuta unaotenganisha mfereji na jirani yake una unene wa milimita 0.3.

Siri ya umbo hili iko kwenye vizibo. Kila mfereji umezibwa mwisho mmoja tu, kwa kupishana kama viraka vya ubao wa drafti: ulio wazi upande wa kuingilia umezibwa upande wa kutokea, na jirani zake wamezibwa kinyume chake. Moshi unaoingia hukuta njia imekwisha, na haubaki na la kufanya ila kupenya ukuta na kutokea katika mfereji wa pili. Kwa kichujio cha mfano wetu, kuta za kuchujia zina jumla ya eneo la mita 2.5 za mraba hivi. Ni mkeka wa watu wawili uliokunjwa ndani ya kopo.

Kichujio kilichotumika kikipasuliwa kwa urefu huonyesha kazi hiyo waziwazi: mfereji mmoja mweusi tii, unaofuata una rangi ya kauri yenyewe, unaofuata mweusi tena. Kati ya weusi na weupe pana unene wa karatasi chache tu.

Jinsi masizi yanavyonaswa

Ni rahisi kudhani kwamba kichujio ni chekeche, yaani matundu yake ni madogo kuliko masizi. Sivyo. Vitundu vya ukutani huwa na upana wa mikromita 10 hadi 20, mara mia moja na zaidi ya upana wa kishada cha masizi. Lakini vitundu hivyo havikunyooka. Vinapinda, vinagawanyika na kuungana, kama vichochoro vya mji wa kale. Chembe kubwa hugusa kuta zinapokata kona. Zilizo ndogo kabisa hazisafiri kwa mstari, maana hugongwagongwa na molekuli za hewa hadi ziangukie ukuta. Na chembe ya ukubwa huu ikigusa, inanata.

Baada ya muda mfupi masizi yaliyonaswa hutanda juu ya ukuta na kufanya utando. Kuanzia hapo utando wenyewe ndio unaochuja, tena vizuri kuliko kauri. Kwa hiyo kichujio chenye masizi kidogo huchuja vyema kuliko kipya. Kadiri utando unavyonenepa, injini hulazimika kusukuma moshi kwa nguvu zaidi, mafuta mengi zaidi huliwa, na gari huwa zito. Sensa hupima tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya kichujio, na kompyuta ya gari hukadiria kwa kipimo hicho ni lini masizi yachomwe.

Aina za kauri

Kauri inayofaa lazima itimize masharti yanayovutana. Iwe na vitundu vingi, kwa kawaida kati ya asilimia 40 na 65 ya ujazo wa ukuta, na bado iwe imara. Ivumilie joto kali, na pia ivumilie kupata moto ghafla na kupoa ghafla. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Sahani ya udongo iliyotoka motoni ikimwagiwa maji baridi hupasuka kwa sababu upande mmoja umetanuka na mwingine umenywea.

Kodieriti ni kauri ya magnesi, alumini na silika, na jina lake linamkumbuka mwanajiolojia Mfaransa Louis Cordier (1777–1861). Sifa yake kuu ni kwamba karibu haitanuki. Fuwele yake ikipata joto hutanuka kwa upana na kunywea kidogo kwa urefu, hivyo pande mbili hufidiana. Pande la kodieriti la sentimita 15 likiongezewa joto la nyuzi 800 za Selsiasi hurefuka kwa milimita 0.1 hivi, chuma cha urefu huo kingerefuka milimita 1.5 hivi. Kodieriti ni nyepesi na nafuu, ila huyeyuka ikikaribia nyuzi 1,460, na haisambazi joto haraka.

Silikoni kabaidi, ambayo wengi wanaijua kutokana na msasa na mawe ya kunolea, huvumilia joto zaidi ya nyuzi 2,000 na hulisambaza upesi. Kwa hiyo inaweza kubeba masizi mengi zaidi kabla ya kuchomwa. Udhaifu wake ni kutanuka, mara nne au zaidi ya kodieriti. Pande zima lingepasuka, basi watengenezaji huunganisha vipande vyenye upana wa sentimita 3.5 hivi kwa saruji maalumu inayomeza mitutumko. Mistari ya saruji hiyo huonekana usoni kama viungo vya vigae.

Kauri ya tatu ni alumini titanati, ambayo hutanuka kidogo kama kodieriti na huvumilia joto zaidi yake.

Utengenezaji

Kodieriti huanza na vitu vya kawaida: jiwe la talki, alumina, na kaolini, udongo mweupe wa aina ile ipatikanayo katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Husagwa na kuchanganywa na maji, gundi ya selulosi, na kitu kitakachoungua baadaye, kwa mfano wanga au unga wa grafiti. Donge hilo husukumwa kwa nguvu katika bamba la chuma lenye nyufa nyembamba zilizokatizana, likatoka upande wa pili likiwa sega. Likipita katika nyufa, vijibamba vya talki na kaolini hulala upande mmoja kama majani mtoni, na fuwele zitakazozaliwa humo tanurini hufuata mpangilio huo. Ndiyo sababu sega la kodieriti hutanuka kidogo hata kuliko kodieriti iliyofinyangwa ovyo.

Sega hukatwa, hukaushwa, na kuchomwa kwenye nyuzi 1,400 hivi. Wanga huungua na kuacha pengo pale ulipokuwa: hapo ndipo vitundu huzaliwa. Mifereji huzibwa kwa kupishana, na mara nyingi kuta hupakwa kichocheo chenye platini. Silikoni kabaidi huchomwa kwa moto mkali zaidi, mahali pasipo na oksijeni.

Kujisafisha kwa moto

Kichujio kisichojisafisha kingeziba upesi. Masizi ni kaboni, na kaboni huungua. Ila huhitaji nyuzi 600 hivi, ilhali moshi wa dizeli katika mwendo wa kawaida huwa kati ya nyuzi 150 na 400. Pengo hilo huzibwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kichocheo kinachogeuza oksidi ya naitrojeni iliyomo katika moshi kuwa naitrojeni dioksidi, ambayo huunguza masizi kuanzia nyuzi 250 hivi. Ya pili ni kuongeza dawa katika mafuta, kama vile seriamu, ili masizi yawake kwenye nyuzi 450 hivi. Ya tatu ni kunyunyiza mafuta zaidi baada ya mlipuko wa silinda. Mafuta hayo huungua katika kichocheo na kuupasha moshi joto.

Hatari huja pale masizi mengi yanapowaka na dereva akaachia mafuta ghafla, injini ikabaki ikizunguka bila mzigo. Moshi wa kupoza kauri hupungua, oksijeni huongezeka, na joto la ndani huweza kupita nyuzi 1,000. Kauri hupasuka au kuyeyuka.

Historia

Sega la kodieriti lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika kampuni ya Corning, jimbo la New York, Marekani, kwa ajili ya kubeba vichocheo vya magari ya petroli baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970. Wabunifu wake ni Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis. Mwishoni mwa mwongo huo wazo la kuziba mifereji kwa kupishana liligeuza sega kuwa kichujio. Mercedes-Benz iliyafungia baadhi ya magari yake ya California vichujio mwaka 1985, lakini havikudumu sokoni. Mafanikio makubwa katika magari madogo yalianza mwaka 2000, Peugeot 607 ilipotoka na kichujio cha silikoni kabaidi kilichosaidiwa na seriamu.

Sheria ndizo zilizovieneza vichujio. Uswisi ilivilazimisha katika uchimbaji wa mahandaki, ambako moshi hauna pa kwenda. Oktoba 2003 Tokyo na majimbo jirani yalipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Ulaya, kwa kanuni ya Euro 5 iliyoanza mwaka 2009, ilishusha masizi ya gari dogo hadi miligramu 5 kwa kilomita, kisha ikaanza kuhesabu chembe zenyewe.

Afrika Mashariki

Magari yaliyotumika kutoka Japani na Uingereza yamevileta vichujio hivi hadi Mombasa na Dar es Salaam. Huku vimekutana na mazingira magumu. Salfa iliyomo katika mafuta hudhoofisha kichocheo. Januari 2015 Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilianza kutumia kiwango cha pamoja cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya hairuhusu zaidi ya 10, na Marekani 15. Foleni za mjini nazo huinyima injini mwendo wa kutosha kuipasha kauri moto.

Taa ya dashibodi ikiwaka, wenye magari wengi huamua ekzosi ikatwe, sega livunjwe kwa nondo, na kompyuta idanganywe. Gari huchangamka. Lakini masizi yaliyokuwa yakibaki katika kauri sasa hubaki katika kifua cha mama auzaye mihogo kituoni, na cha mtoto ambaye pua yake iko usawa wa bomba.

Utunzaji na dalili

Tiba ya kwanza ya kichujio kinachoanza kuziba ni mwendo: safari ya barabara kuu kwa nusu saa hivi, bila kukatisha, mara nyingi hutosha kuunguza masizi. Kisichoungua ni majivu ya kalisi, zinki na magnesi yatokayo katika oili ya injini. Kwa hiyo magari haya huhitaji oili yenye majivu machache, na baada ya makumi ya maelfu ya kilomita, au zaidi ya 100,000, kichujio hufunguliwa na kupulizwa kwa kompresa kutoka upande wa kutokea, ndani ya chombo kilichofungwa, ili fundi asivute vumbi lile.

Uzima wake hujulikana kwa jaribio lisilogharimu kitu. Gari likiwa limepoa, pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Kwenye gari lenye kichujio kizima, hata likiwa limetembea miaka mingi, bomba huwa kavu na karibu safi. Kidole kikitoka cheusi, kauri imepasuka au haipo, na weusi huo ndio unaovutwa na wapita njia.