Nani Huyu Ukutani? Kuzitambua Sura za Jamaa Katika Picha za Kale

Wiki iliyopita niliwaomba mzitoe picha za kale zilizomo masandukuni mwa wazee wenu. Leo tutajifunza namna ya kuwatambua watu waliomo, nami nitaanza na picha ya nyumbani kwetu, upande wa Tanga, kwa kuwa ilitudanganya miaka mingi.

Ni picha ya askari kijana aliyesimama wima, mkono mmoja juu ya kiti. Tangu utoto wangu niliambiwa kwamba ni baba yake babu, aliyechukuliwa mwaka 1917 kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vyao na Wajerumani, asirudi tena. Wageni walionyeshwa, nasi watoto tulifundishwa kumwamkia. Ushahidi wa jamaa ulikuwa mmoja tu: amefanana mno na babu. Na kweli, paji la uso ni lile lile.

Sasa sikiliza. Ukiishika picha ya kale, uache uso kwanza, utazame nguo. Kijana wetu amevaa kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, na begani ana alama ya kichwa cha kifaru. Alama hiyo ilikuwa ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943. Askari wake walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, wakapigana Burma, nchi iitwayo siku hizi Myanmar, wakiteremka bonde la Kabaw katika mvua na malaria za mwaka 1944. Wakati huo baba yake babu, kama angalikuwa hai, angalikuwa mtu wa makamo, naye alikuwa mpagazi, hakuwa askari.

Basi huyu siye. Neno hilo ni jepesi kulisema redioni. Kumwambia bibi yangu, mwenye miaka karibu tisini, lilikuwa zito, nami nililibeba miezi miwili bila kulitua.

Hapa nitoe tahadhari. Nguo nazo si za kusadikiwa ovyo. Wapiga picha wa mjini waliweka koti, tai, saa, hata baiskeli, vya kuwaazima wateja; kwa hiyo usiseme babu yako alikuwa karani kwa sababu ya tai. Nguo yathibitisha jambo moja tu: picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko kitu kilichomo. Kanga ni shahidi mzuri kwa namna hiyo. Za mwanzo hazikuwa na jina. Majina yalipoanza kuandikwa yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo baadaye zikaja herufi za Kirumi. Geuza pia nyuma ya picha. Zile za kale za studio ziligandishwa juu ya kadi ngumu iliyochapwa jina la mpiga picha, kama A. C. Gomes wa Unguja, aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu karne ya 19. Ukijua duka lilikuwa mji gani, umejua jamaa yako alifika mji gani.

Baada ya hayo ndipo umwendee mzee. Na kosa kubwa tulifanyalo ni kumtilia mzee jina kinywani. Ukimwuliza, “Huyu si babu Fulani?” atakuitikia kwa upole, au kwa kuchoka, na kuanzia siku hiyo jina limekwama. Mwulize, “Nani hawa?” kisha unyamaze. Kama wazee ni wawili, waulize mbalimbali, kila mmoja peke yake.

Mimi sikuanza na picha hata kidogo. Nilimwamkia bibi, nikakaa, nikamwuliza mama mkwe wake alizaa watoto wangapi. Akahesabu kwa vidole. Wa kwanza babu yangu, aliyeachwa mchanga baba yake alipochukuliwa. Mama yule alingoja miaka, kisha akaolewa na mume mwingine, akazaa mtoto mmoja wa kiume. Bibi akakishika kidole cha pili asikiachie. “Alikuwako yule wa Bama,” akasema. “Mimi sikumwona. Nilipoolewa alikwisha potea, na mama mkwe hakutaka atajwe mbele yake.”

Nikaiteremsha picha, nikamwekea mapajani. Akaitazama sana.

Unaona kosa letu? Paji lile la uso halikutoka kwa mpagazi wa 1917. Lilitoka kwa mama, nao wana wake wote wawili walilirithi. Kufanana kulikuwa kweli. Sisi tuliufuata upande usio wake. Nyumba moja ilipoteza watu wawili katika vita viwili, na picha ilikuwa moja. Mama alipokufa, picha ikapewa jina la yule aliyeacha mtoto wa kumtaja. Huyu wa Bama hakuacha.

Kwa waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, uko mnara huko Taukkyan, karibu na Rangoon, wenye majina karibu 27,000, na askari wa Afrika wamo. Tunalitafuta la kwetu. Wapagazi hali yao ni nyingine. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno wa vita vile hawakuandikwa majina popote.

Nyuma ya picha niliandika jina kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hupenya na kuchubua uso wa upande wa pili. Nikaongeza mwaka, na kwamba aliyenipa habari ni bibi. Nikaipiga picha nyingine kwa simu, ya kuwapelekea jamaa walio mbali.

Bibi akauliza, “Na baba mkwe wangu, picha yake iko wapi?”

Nikamwambia hana.

Akanyamaza kidogo. “Basi liandike jina lake katika karatasi, mjukuu wangu, ulitie kioo, ulitundike kando ya huyu.”