Kulika kwa Kano

Mkulima wa Mbinga au wa Liparamba aliyeugua baridi yabisi kwa miaka huweza kuamka asubuhi kidole chake cha mwisho kimelala, hakinyooki tena, bila ajali na mara nyingi bila maumivu mapya. Wengi watamwambia mshipa umekatika. Nashikilia kwamba jina lifaalo ni kulika kwa kano, kwa kuwa linabeba chanzo cha dhara, uharaka wake na tiba yake. Kano ni ugwe mgumu mweupe unaoufunga msuli kwenye mfupa, na kwenye kifundo cha mkono hupita ndani ya ala. Baridi yabisi huuvimbisha utando wa ala hiyo na kuumomonyoa mwisho wa mfupa wa ulna, ukabaki na makali. Kidole kikikunjwa na kunyooshwa, kano husuguana na makali hayo kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Mwaka 1948 mpasuaji Vaughan-Jackson alieleza habari za wagonjwa wawili ambao kano zao zililika hivyo kifundoni. Kikishalala kidole cha mwisho, cha pete huweza kufuata, kisha cha kati. Kusubiri mavuno yaishe ni hatari.

Atakayepinga atasema mshipa unajulikana na wote, kano ni neno la vitabuni. Lakini mshipa ni njia ya damu pia, ni neva, hata ngiri huitwa hivyo. Aambiwaye umekatika hutazamia damu au ganzi. Asipoviona, hudhani dhara ni dogo. Tena kilichokatika huombewa kuungwa, na hapa kuunga hufaa mara chache, maana ncha zimechakaa na msuli umejikunja. Mpasuaji huondoa utando uliovimba, kisha huchukua kano nzima ya jirani (kidole cha shahada kina mbili za kukinyoosha) na kuishonea kwenye ile iliyolika. Huko ni kuhamisha kano, wala si kupandikiza: kipande kinachopandikizwa hakina msuli wake, iliyohamishwa huja na msuli wake hai. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Nyasa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili ndiye atakayetia sahihi ya ridhaa, na ana haki ya kuelewa kwa nini anapasuliwa hadi kwenye mfupa wakati kilichogoma ni kidole: makali yale yasiposawazishwa, kano mpya nayo italika.