Kitabu Kilichohifadhiwa na Wapinzani

Mnamo karne ya 6 mtawa wa Kibudha aitwaye Dignaga aliandika Pramanasamuccaya, kitabu kuhusu njia za kupata ujuzi wa kweli. Kilitikisa mantiki ya India nzima, kisha India yenyewe ikakipoteza. Anayekifuatilia leo hulazimika kuvuka milima ya Himalaya, halafu arudi kwa watu waliokipinga.

Swali la Dignaga lilikuwa hili: ni dalili ipi inayotosha kuthibitisha jambo? Mfano uliozoeleka ni mlima unaofuka moshi. Dignaga alidai masharti matatu: moshi uwepo kweli pale mlimani; uwe umeonekana penye moto, kama jikoni; na usionekane kamwe pasipo moto, kama ziwani. Karne moja hivi baadaye mfuasi wake, Dharmakirti, akakaza kamba: athari huthibitisha chanzo chake, lakini chanzo hakithibitishi athari. Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na wanafalsafa wa Nyaya, mahasimu wa Wabudha, walitumia mfano huo huo. Dharmakirti asingewakubalia: wingu huweza kutanda likapita bila kuacha hata tone.

Kufikia mwaka 1200 hivi, vyuo vikuu vya Kibudha vya Bihar, kama Nalanda na Vikramashila, vilikuwa vinaangamia kwa uvamizi. Mwanachuoni Shakyashribhadra akakimbilia Tibet mwaka 1204, na huko akashirikiana na mwanachuoni mwenyeji, Sakya Pandita, kuitafsiri upya Pramanavarttika, kazi kuu ya Dharmakirti. Miswada ya Kisanskriti, iliyoandikwa kwenye majani ya jamii ya mivumo, ilibaki katika nyumba za watawa kama Sakya na Shalu. Hewa kavu na ya baridi ikaihifadhi. Huku India joto, unyevu na wadudu vilikuwa vikiitafuna mingine.

Zaidi ya miaka 700 baadaye, Mhindi mmoja aliifuata njia hiyo. Rahul Sankrityayan aliingia Tibet kupitia Nepal mwaka 1929, tena kwa kificho. Alirudi huko 1934, 1936 na 1938, akifunguliwa mafurushi ya majani. Miswada mingine aliipiga picha, mingine akainakili kwa mkono. Pramanavarttika ikachapishwa Patna kwa lugha yake ya asili. Lakini kitabu cha Dignaga hakikuonekana. Kilichokuwepo ni tafsiri mbili za Kitibet, ambazo mara nyingi hazipatani.

Hapo ndipo wapinzani walipofaa. Desturi ya mijadala ya India ilimtaka mwandishi aeleze kwanza hoja ya mpinzani wake, ndipo atoe jibu. Uddyotakara wa Nyaya aliandika kitabu kizima kuwajibu watu aliowaona ni wanamantiki wabovu, na Dignaga akiwa mmoja wao. Dignaga alisema utambuzi wa hisi ni ule ambao akili haijaubandika jina wala aina. Uddyotakara alimnukuu, kisha akauliza: kama utambuzi huo hausemeki kwa neno, wewe umeutajaje? Kejeli yake ikatuhifadhia ufafanuzi wa Dignaga kwa Kisanskriti.

Mtawa wa Kijaini, Muni Jambuvijaya, aliyejifunza Kitibet, alizilinganisha nukuu za namna hiyo na tafsiri, akarejesha sehemu kubwa za maandishi yaliyopotea katika kazi alizochapisha miaka ya 1960. Mwaka 2005 wataalamu wa Vienna na Beijing walichapisha sura ya kwanza ya ufafanuzi wa Jinendrabuddhi juu ya kitabu cha Dignaga, kutoka muswada uliotunzwa Tibet. Jinendrabuddhi hufafanua karibu kila neno la Dignaga, kwa hiyo maneno yale yakichambuliwa moja moja na kupangwa tena, sentensi za asili huanza kusomeka. Pasipo uhakika, mhariri huweka alama kuonyesha kwamba neno hilo amelikisia.

Tukizoea kumpinga mtu kwa kumfupisha au kumpotosha, ushindi wetu utakuwa rahisi, lakini baada yetu hakuna atakayejua tulimshinda nani. Uddyotakara alimdharau Dignaga waziwazi, ila alimwachia aseme kwanza, na kwa sababu hiyo wasomaji wa leo wanaweza kuamua wenyewe ni nani kati yao aliyekuwa na hoja.